Uzinduzi wa Eneo la Tukio

Nchi yenyewe haitajwi jina hapa, kwa kuwa sheria yake inataka jina hilo litajwe watu wakiwa wamesimama, na wengi wetu husoma tumekaa. Itoshe kusema kwamba ilikuwa nchi ya amani. Ilikuwa na Wizara ya Amani, Utulivu na Shukrani, na uhalifu ndani yake ulikuwa haba mno, maana kila ulipotokea ulipewa jina jingine. Wizi uliitwa upungufu. Kipigo kiliitwa mahojiano. Mtu akiuawa ilisemwa amepatikana, na ndugu zake walitakiwa washukuru kwamba hakupotea.

Asubuhi moja, katika mji mdogo wa Tumbizi, alipatikana Mzee Yoramu, karani wa mizani wa Ghala la Unga la Taifa. Alikuwa amelala chali nyuma ya mizani yake, kichwa kimepasuka, na jiwe la kupimia likiwa pembeni. Aliyemwona wa kwanza ni Bi Mwashamba, mama muuza chai wa pale getini, aliyekuwa akimpelekea chai ya tangawizi na vitumbua kila siku kabla ghala halijafunguliwa. Alipiga yowe, akaingia, akamfumba macho marehemu, akavua khanga yake ya juu akamfunika, kisha akaenda mwenyewe kituoni kutoa taarifa. Hapo ndipo alipokosea. Katika nchi ile anayetoa taarifa wa kwanza huwa mtuhumiwa wa kwanza, kwa sababu amelijua jambo kabla ya polisi, na kulijua jambo kabla ya polisi ni dharau. Akawekwa kwenye benchi la kituo asubiri kuandikiwa kosa la kupata mtu, ambalo adhabu yake huitwa mapumziko ya kudumu na hutekelezwa kwa kamba.

Polisi wa Tumbizi, hata hivyo, hawakuwa watu wabaya, na mbora wao alikuwa Koplo Sefania Mkumbwa, ambaye ndiye mwenye hadithi hii. Alikuwa mtu mpole, mwenye kitambi kidogo cha heshima, na alikuwa amefanya jambo ambalo wenzake hawakuwahi kulifanya: alisikiliza kwenye semina. Wizara iliandaa semina ya kulinda eneo la tukio, katika hoteli yenye viyoyozi, na wenzake walikwenda na mifuko ya kubebea sambusa. Sefania alikaa kiti cha mbele. Alirudi nyumbani na cheti na imani. Alijua kwamba penye maiti huzungushiwa utepe, kwamba haingii mtu hata awe nani mpaka wataalamu wafike, na kwamba alama ya mguu mmoja inaweza kumfunga mtu au kumwokoa. Wenzake walimwita Profesa Utepe, naye hakukasirika, kwa kuwa moyoni aliona ni cheo.

Utepe wenyewe ulikuwa roli moja kwa wilaya nzima, wa manjano, msaada wa nchi rafiki. Mkuu wa Kituo, Afande Burchadi, aliufungia kabatini mwake na ulikuwa umewahi kutumika mara moja tu, kupamba ukumbi siku ya harusi ya binti yake. Sefania alipokabidhiwa aliushika kwa mikono miwili.

Alipofika ghalani alisimama mlangoni. Gunia lilikuwa limepasuka, na unga umetandaa sakafuni kote kama shuka. Juu ya unga kulikuwa na alama za ndala, zikiingia na kutoka kwa mlango wa mbele, na hizo zilikuwa za Bi Mwashamba. Kulikuwa pia na alama za viatu vya ncha, zilizotoka mlango wa nyuma hadi kwenye mizani, zikazunguka pale alipoangukia mzee, zikarudi mbiombio. Kila kisigino kilikuwa na kipande cha chuma kilichoacha umbo la mwezi mchanga. Hata kipofu angezisoma zile kwa vidole. Sefania alifurahi, kisha akaona haya kwa kufurahi mbele ya maiti.

Akafunga utepe, akarudi kituoni haraka. Benchini, wanawake wa sokoni walikuwa wakimnong'oneza Bi Mwashamba aondoke maadamu mlango uko wazi, avuke mto kwa dada yake, akae huko mpaka mambo yapoe. Sefania alichuchumaa mbele yake.

"Mama, uliziona alama za viatu mle ndani?"

"Nimeziona, mwanangu. Viatu vya mkubwa. Vina chuma kisiginoni. Mimi nina ndala hizi hizi unazoziona."

"Basi usiende popote. Ukikimbia, watasema ni wewe. Wataalamu wanakuja kutoka makao makuu. Zile alama nitazilinda mimi mwenyewe. Hapiti mtu."

Bi Mwashamba alimtazama kwa muda, kama anavyotazama mafuta kama yamepata moto. Kisha akawaambia wenzake waende wakaangalie jiko lake. "Kama ni huyu anayelinda," alisema, "mimi nitakaa."

*

Mtu wa kwanza kuingia eneo la tukio alikuwa Afande Burchadi mwenyewe, aliyekuja kuhakikisha kwamba haingii mtu. Aliingia mpaka katikati, akazunguka, akauliza kwa sauti kama kuna mtu, na alipoona hajibiwi akatoka ameridhika. Alimpongeza Sefania kwa kazi nzuri huku akipangusa unga kwenye suruali.

Akafuata Mkuu wa Wilaya na msafara wake. Hapa msomaji wa nchi nyingine inabidi aelezwe desturi. Kiongozi wa nchi ile hapiti penye msiba bila kuingia ndani kutoa pole, tena mpaka pale pale marehemu alipoangukia, ama sivyo itasemwa ana lake jambo. Kwa hiyo wote waliingia ili ionekane kwamba hawakuwa wameingia kabla. Aliingia Mwenyekiti wa Mtaa. Iliingia Kamati ya Ulinzi. Waliingia akina mama wa Chama wakiwa na sare na wimbo. Sefania aliwasihi wapite pembezoni, na wote walikubali kwa kichwa wakapita katikati.

Tatizo lilikuwa mkono wake wa kulia. Mkono huo ndio ulioshika ncha ya utepe pale mlangoni, na mkono huo huo ndio wa saluti. Kila mkubwa alipokaribia, Sefania alisema kwa heshima kwamba haruhusiwi mtu, kisha akapiga saluti kama kanuni inavyotaka, na utepe ukaanguka chini, na mkubwa akauvuka akidhani amefunguliwa njia. Alijaribu kuushika kwa kushoto. Afande Burchadi akamkaripia, kwamba mkono wa kushoto mbele ya viongozi ni utovu wa nidhamu.

Wa mwisho alikuja peke yake. Sefania alimsikia kabla ya kumwona, kwa maana viatu vyake vililia kwenye saruji, ka, ka, ka. Alikuwa Bwana Teofili Kagondo, Meneja wa Ghala, ameshika leso nyeupe machoni. Watu wote wa Tumbizi walijua kwamba Mzee Yoramu alikuwa amekataa kuendelea kupima magunia yaliyotiwa mchanga, na kwamba alisema atayasema hadharani. Watu wote walilijua hilo, kwa hiyo halikusemwa na mtu.

Sefania alitaka kusema. Alifungua mdomo. Lakini Meneja alikuwa mkubwa, na mkono wa kulia ukapanda wenyewe hadi kwenye kofia. Utepe ukashuka. Meneja akaingia, akasimama mbele ya alama iliyosalia kando ya mizani, akaweka mguu wake juu yake, na mguu ukakaa pale kama kifuniko juu ya chungu chake. Kisha akazungusha kisigino, taratibu, kama mtu anayezima kipande cha sigara.

"Koplo," alisema akitoka, "unafanya kazi ngumu. Serikali inakuona."

 Sefania aliyaona yote, na alikuwa amepiga saluti. Alikimbilia ndani kukagua kilichobaki. Karibu na mlango wa nyuma, nyuma ya rundo la magunia, palikuwa na alama moja ambayo hakuna aliyeifikia, nzima, na mwezi wake kisiginoni. Alikwenda kwenye kibanda cha Bi Mwashamba, akaomba beseni, akalifunika juu ya ile alama taratibu kama anayefunika mtoto mchanga. Moja inatosha, alijiambia. Semina ilisema moja inatosha.

*

Habari zikaja kwamba Mheshimiwa Waziri wa Amani, Utulivu na Shukrani atafika mwenyewe kuona eneo la tukio, kwa sababu alikuwa amesikia kwamba Tumbizi kuna eneo la tukio lililozungushiwa utepe, la kwanza katika historia ya nchi. Wataalamu wangekuja baada yake, kwa kuwa haipendezi wataalamu kumtangulia Waziri.

Tumbizi ikafanya kile ambacho miji ya nchi ile hufanya mkubwa anapokuja. Mawe ya barabarani yalipakwa chokaa. Barabara ikanyunyiziwa maji. Miti iliyokufa ikang'olewa ikapandwa mingine ambayo ingekufa kesho. Ghala likapakwa rangi kwa mbele, upande ule atakaoutazama. Maiti ya Mzee Yoramu iliondolewa, ile khanga ikafuliwa, na mahali pake pakawekwa zulia na jagi la maua ya plastiki. Kisha Afande Burchadi akatazama sakafu, akashika kiuno.

Aliuliza ni nani aliyeacha unga umezagaa hivi. Sefania alieleza kwamba unga ndio wenye ushahidi. Afande alieleza kwamba Waziri ana suti nyeusi. Sefania alieleza habari za semina. Afande alieleza habari za kituo cha Magadini, kule kwenye ziwa la chumvi, ambako koplo mmoja alipelekwa kwa ubishi na mpaka leo anaandika barua za kuomba maji. Baada ya maelezo hayo Sefania akapewa ufagio.

Alifagia. Alifagia kwa heshima, akizunguka lile beseni mbali kabisa, akiacha pembe yake na vumbi lake. Alipomaliza ghala liling'aa, na beseni la bati lenye masizi lilikaa kule nyuma peke yake.

"Na hilo?" aliuliza Afande Burchadi.

"Limefunika ushahidi wa mwisho, afande."

"Ushahidi gani huo wa kujificha chini ya beseni? Ushahidi safi hukaa mahali pa wazi. Ondoa, maliza kazi."

Afande alitoka kwenda kupokea msafara, na Sefania alibaki na beseni. Hapa ndipo palipo na jambo lake lote, na hakuwepo mtu mwingine wa kusingizia. Angeweza kukaa juu ya beseni. Angeweza kulala sakafuni na kusema ameumwa. Mambo haya yote aliyafikiri baadaye, vizuri sana, kwa miezi. Wakati ule alisikia ving'ora vya msafara, akainua beseni, akauona ule mwezi mdogo katika unga, umekaa vizuri hata alama za misumari zilionekana. Ufagio ulikuwa mkononi. Akaupitisha mara moja, kisha mara ya pili ili pasibaki doa.

*

Waziri alishuka garini amezungukwa na watu waliobeba simu zake. Alikuwa mtu mnene mwenye furaha, aliyezindua vitu kwa miaka mingi: madaraja, visima, vyoo vya shule, na mara moja daraja ambalo halikuwepo bado. Alipofika mbele ya ghala akaona utepe wa manjano umevutwa barabara kutoka nguzo hadi nguzo, na watu wamepanga mistari, na kwaya imevuta pumzi. Mkono wake ukaenda pembeni kama ulivyozoea, na msaidizi wake, kama alivyozoea, akaweka mkasi juu yake. Akaukata utepe.

Watu walipiga makofi. Akina mama wa Chama walipiga vigelegele. Sefania alitazama utepe ukianguka pande mbili na hakuna aliyeonekana kushangaa.

"Ndugu wananchi," alisema Waziri, "leo naona fahari kulizindua rasmi eneo hili la tukio. Wapo wabeza maendeleo waliosema nchi yetu haiwezi kuwa na eneo la tukio la kisasa. Waje waone. Nimepita nchi za wenzetu, nimeona maeneo yao ya tukio, machafu, damu huku, vitu vimetupwa kule. Hili ni safi. Unaweza kulia chakula hapa. Nauliza, ni nani aliyelilinda?"

Sefania alisukumwa mbele. Waziri alimpandisha cheo pale pale kuwa sajini, akamshika bega, akaagiza kila wilaya iwe na eneo la tukio lake kabla ya mwaka kwisha. Kisha wageni wakaingia ndani wakala pilau.

*

Wataalamu wa makao makuu walifika wakiwa na mabegi ya rangi ya fedha na glavu. Walipiga magoti ghalani siku nzima. Alama walizozipata zilikuwa za Waziri, za Mkuu wa Wilaya, za Afande Burchadi na za wapishi wa pilau, na za viongozi ziliondolewa zote kwenye hesabu, kwa sababu katika nchi ile kiongozi haachi alama za viatu, anaacha alama za maendeleo. Za wapishi ziliondolewa kwa sababu waliletwa na viongozi. Taarifa yao ikasema kwamba eneo lilikuwa katika hali bora kuliko yote waliyowahi kuyaona, kwamba hakuna dalili yoyote ya mtu mgeni kuingia, na kwamba mtu pekee ambaye inajulikana aliingia ni Bi Mwashamba, kwa kuwa amesema mwenyewe.

Sefania alikwenda kumwona mahabusu. Alimpelekea sukari na sabuni. Bi Mwashamba alikuwa amekonda, lakini alipomwona alichangamka kama aliyeletewa mgeni nyumbani.

"Wataalamu wamekuja?"

"Wamekuja, mama."

"Na zile alama?"

Alikuwa amekuja amwambie. Maneno yalikuwa tayari, aliyapanga njia nzima. Lakini yule mama alikuwa akimtazama na ile sura yake ya kungoja, na mistari mipya ya usajini ilikuwa begani pake, na akasikia mdomo wake ukisema kwamba wameziona. Bi Mwashamba alimshukuru Mungu, kisha akamshukuru yeye. Akamwambia asijisumbue tena kuleta sukari, ana watoto, na kwamba akipita kibandani wampe vitumbua asilipe. Sefania alitoka nje akajibanza nyuma ya ukuta wa mahabusu, akalia kimya, kofia ikiwa imefunika uso. Toka siku hiyo hakupita kwenye kile kibanda, alizunguka kwa njia ya machinjioni. Alimpiga mwanawe kofi kwa kumwaga unga jikoni, kisha akamwomba radhi, na mtoto hakuelewa kosa wala radhi.

*

Siku ya kesi mahakama ilijaa. Meneja Kagondo alikaa safu ya mbele pamoja na Afande Burchadi, mguu mmoja juu ya mwingine, soli ikiwatazama watu, na kile chuma cha kisiginoni kiking'aa. Sefania alikiona. Kila aliyekuwa na macho alikiona.

Hakimu alimwuliza mshtakiwa kama ana shahidi.

"Ninaye mmoja," alisema Bi Mwashamba, na akamwonyesha kwa kidole. "Yule pale. Muulizeni yeye. Aliniambia nikae, nikakaa."

Sefania alipanda kizimbani. Mwendesha mashtaka, kijana mwenye tai pana, alieleza kwamba mshtakiwa anadai kulikuwa na alama za viatu vyenye chuma, alama ambazo wataalamu wa nchi hawakuziona. Kwa hiyo alikuwa na swali moja dogo kwa shahidi, na alikuwa na hakika kwamba afisa aliyepandishwa cheo na Mheshimiwa Waziri angelijibu kwa heshima ya cheo hicho.

"Sajini, eneo la tukio ulililinda, au hukulilinda?"

Lilikuwa neno moja tu. Sikulilinda. Baada ya hilo lingekuja la pili, nilifagia, na la tatu, chuma kile pale mbele yenu. Aliyafanyia mazoezi usiku na mchana, hata mkewe alimsikia akiyasema usingizini. Lakini kama hakulilinda, basi Waziri alizindua nini? Aliona Magadini na chumvi yake. Aliona wanawe. Akamwona Bi Mwashamba ameinua uso, hana wasiwasi, kama mtu anayengoja chenji yake kwa muuzaji anayemjua.

"Nililinda, mheshimiwa," alisema Sefania. "Kilichokuwemo ndicho walichokikuta."

Kulikuwa na makofi kidogo, na hakimu akayatuliza. Sefania akainamisha kichwa akasubiri. Alingoja yule mama apige kelele. Alingoja alaaniwe mbele ya watu, yeye na kizazi chake, na angeshukuru, kwa kuwa angalau mtu mmoja katika nchi ile angekuwa amemwita kwa jina lake.  Bi Mwashamba alimtazama Sefania, akaitazama mikono yake mwenyewe, akakunja uso kama anayejaribu kukumbuka kitu.

"Basi mheshimiwa," alimwambia hakimu kwa upole, "kama ni huyu aliyelinda, alama hazikuwepo. Huyu mtoto hanidanganyi. Labda ni mimi niliyeona vibaya, ule unga ulinitia kiwi. Mnisamehe kwa kuwasumbua."

Hakimu aliandika. Karani wa mahakama alimwambia shahidi ashuke, akamwambia tena, na mara ya tatu akamgusa mkono. Sefania akashuka. Njia ya kutokea ilipita mbele ya benchi la mshtakiwa, na ilikuwa nyembamba. Bi Mwashamba akaivuta miguu yake pembeni, apate kupita.